Meli Haikufika Ufukweni

Nilipokuwa mtoto, kijiji chetu cha Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika, hakikuwa na gati. Meli ya MV Liemba ilifika mara nyingi usiku, ikatia nanga mbali na ufukwe, ikapiga honi ndefu ambayo vilima vya nyuma ya kijiji viliirudisha, na kuanzia hapo kazi yote ikawa ya watu wa ufukweni. Mjomba wangu alikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao wa kuvusha abiria na mizigo. Mimi nilikuwa mshika taa. Tuliusukuma majini pamoja na mitumbwi mingine, kila mmoja ukikimbilia ubavu wa meli, kwa sababu aliyewahi ndiye aliyepata abiria wa kwanza. Juu yetu mlango wa ubavuni ulifunguliwa, mwanga ukamwagika majini, kamba ikatupwa. Mjomba akaidaka. Kwa robo saa hivi mtumbwi na meli vikawa kitu kimoja: mama mwenye mtoto mgongoni, kuku, godoro, madebe ya mawese, magunia ya dagaa wa kwenda Mpulungu, vyote vilipanda na kushuka kwa kutegemea kamba ile moja.

Usiku mmoja, nikiwa na miaka minane au tisa, nilimuuliza kwa nini meli isije huku kwetu.

"Ikija huku itakaa huku," akasema, na kupiga kasia.

Leo ninaishi kusini mwa Ujerumani na kazi yangu ni kutunza klasta, yaani makundi ya kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Kila nikija likizo naulizwa nafanya kazi gani, nami kwa uvivu hujibu "kompyuta", basi kesho yake mlango wa mama unajaa watu wenye simu zilizokufa. Safari iliyopita niliapa kueleza vizuri. Msikilizaji wangu alikuwa mjomba, ambaye sasa amestaafu kupiga kasia lakini hajastaafu kushona nyavu. Nilipomwamkia shikamoo mjomba akajibu marahaba mjomba, kama ilivyo desturi ya kuitana kwetu, akanionyesha ndoo ya kukalia, na somo likaanza.

Nilianza na makasha. Programu siku hizi hufungwa ndani ya kontena pamoja na kila inachohitaji, ili ukiihamisha kutoka kompyuta moja kwenda nyingine iamke ikiwa kamili. Mjomba akaniambia hilo si jipya ziwani hapa, na ni kweli. Liemba yenyewe ilijengwa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Makasha 5,000, na kila msumari ulipaswa kupatikana katika kasha lake.

Makontena yakiwa mengi hivyo, lazima awepo wa kuamua lipi likae kwenye kompyuta ipi, lipi limekufa lifufuliwe, lipi liongezewe wenzake kwa kuwa wateja wamekuwa wengi. Mfumo unaofanya hivyo unaitwa Kubernetes. Google iliutoa kwa umma mwaka 2014, na jina ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Mjomba alilipenda hilo kuliko yote niliyomweleza siku ile. Kwa hiyo ile sehemu ya klasta inayoamua nitaiita usukani, na kompyuta zinazobeba mzigo wenyewe nitaziita wapiga makasia.

Usukani una vitu vichache ndani yake. Kuna mlango ambao maombi yote hupitia. Kuna mgawa kazi. Kuna wasimamizi ambao kutwa kucha hulinganisha hali ilivyo na hali inavyotakiwa iwe. Na kuna daftari, jina lake etcd, ambamo kila kitu cha klasta kimeandikwa. Daftari hilo kwa kawaida huwa na nakala 3 katika mashine 3 tofauti, na neno halihesabiki limeandikwa mpaka nakala 2 zikubali. Maana yake ni kwamba klasta ya kawaida hutenga mashine 3 za kushika usukani kabla hata abiria wa kwanza hajapanda. Ukiwa na klasta moja, sawa. Ukiwa na 10, umeweka mashine 30 ambazo hazipigi kasia hata moja.

Mahali ninapofanya kazi tulikuwa tunaelekea huko. Kila idara ilitaka klasta yake, na kila moja ilikuwa na sababu nzuri: hawa wanataka toleo jipya, wale hawataki kuguswa mpaka hesabu za mwaka zifungwe, wengine sheria inawakataza kuchanganya data zao na za jirani. Baya zaidi, mashine tulizotumia hazikuwa seva za kawaida. Zilikuwa mashine pepe, yaani kompyuta za kufikirika, ndani ya meinfremu, ambako kila gigabaiti ya kumbukumbu huombewa kibali kana kwamba unaomba shamba.

Watu wengi hudhani meinfremu ilikufa zamani. IBM ilitangaza familia ya System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na uzao wake haujakatika: z16 ilitoka mwaka 2022, z17 mwaka 2025. Ni kabati lenye ukubwa wa friji mbili za duka la soda, lililojengwa kwa imani kwamba kila kipande kitaharibika siku moja na lazima kiweze kubadilishwa bila kuzima mashine. Kwetu Tanzania historia yake ni fupi na ya ajabu kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 ya kampuni ya Waingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Nilizaliwa miaka 10 baada ya amri hiyo, na kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa Mpanda mjini, kwenye duka la kuchapa barua, nikiwa kijana wa sekondari. Sikuruhusiwa kuigusa. Ndiyo maana nilipoajiriwa kutunza meinfremu nilijiona nimerukishwa darasa: niliingia katika umri wa kompyuta ambao nchi yangu iliupita huku mlango umefungwa.

Mfumo endeshi wa Linuksi ulipelekwa kwenye mashine hizi na wahandisi wa IBM wa Böblingen, mji ambao si mbali na ninapoishi, nao waliutoa msimbo wao hadharani Desemba 1999. Tangu hapo meinfremu moja inaweza kuwa nyumba ya mamia ya Linuksi, kila moja ikiamini iko peke yake. Kutoka hapo hadi kuweka klasta za makontena ni hatua moja tu kimaelezo. Kimatendo ni hatua nyingi, na nyingine nilizikwaa kwa kidole gumba.

Ufumbuzi tuliouchagua ni huu. Badala ya kuupa usukani mashine zake 3, unaugeuza nao kuwa makontena, yakae ndani ya klasta nyingine iliyo mwenyeji. Daftari, mlango, mgawa kazi, vyote vinapewa chumba kimoja katika klasta mwenyeji. Chumba cha jirani kina usukani wa klasta ya pili, na kinachofuata cha tatu. Klasta ngeni yenyewe inabaki na wapiga makasia watupu. Mradi huo ulilelewa kwa jina la HyperShift na Red Hat, kampuni ambayo IBM ilikamilisha kuinunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Sisi tuliweka klasta mwenyeji kwenye seva za kawaida na kuwaacha wapiga makasia ndani ya meinfremu, karibu na data. Usukani wa klasta mpya, ambao zamani ulitugharimu asubuhi nzima, sasa ulisimama kwa dakika chache.

Dakika chache za usukani, nasema. Wapiga makasia ni habari nyingine.

Mashine pepe ya z/VM, ule mfumo wa meinfremu unaobeba mashine pepe, ukitaka iamke kwa mara ya kwanza, unaiwekea vitu vitatu kwenye kisoma kadi chake: kiini cha mfumo, faili la maelekezo, na kifurushi cha kuanzia. Kisoma kadi! Hakuna kadi, hakuna kisomaji, vyote ni vya kufikirika. Lakini mashine inaamini vipo, na amri ya kutuma faili bado inaitwa kutoboa. Kadi ya kufikirika ina safu 80, kama ilivyokuwa kadi ya karatasi ya IBM tangu mwaka 1928. Makarani waliokuwa wakitoboa kadi miaka ya 1960 wangeketi kwenye kiti changu wakaelewa nusu ya kazi bila kufundishwa.

Mimi niliyesoma juzi sikuelewa. Faili la maelekezo linabeba anwani ya mashine, njia ya kuingilia mtandao, na mahali pa kuchukua sehemu iliyobaki ya mfumo. Ni msururu mrefu usiopendeza macho, nami kwa kupenda unadhifu niliukata katika mistari mitatu iliyopangika. Mashine ikaamka, ikasimama, ikanitazama. Haikuwa na anwani. Nikaizima, nikaiwasha. Nikabadilisha kadi ya mtandao. Nikamlaumu mtu wa ukuta wa moto, ambaye alinivumilia kwa adabu. Siku ya pili alasiri mama mmoja wa idara yetu, Mjerumani aliyeanza kazi na mifumo hii mwanzoni mwa miaka ya 1980, akavuta kiti, akatazama faili langu kwa muda usiozidi nusu dakika, akaweka kidole kwenye kioo mahali nilipobonyeza kitufe cha kushuka mstari.

"Hapa," akasema. "Umeukata katikati."

Maelekezo yale hutakiwa kuwa mstari mmoja, bila alama yoyote ya kushuka chini. Niliyoyapanga kwa ajili ya macho yangu yaliivuruga mashine, ikaikosa anwani yake. Nilifuta alama mbili zisizoonekana na baada ya dakika nne mpiga kasia wa kwanza akajitokeza. Siku mbili za kazi. Nimeziweka hapa zote kwa sababu maelezo ya mafundi huwa yanaziruka siku kama hizo, msomaji akadhani ni yeye peke yake mjinga.

Kujitokeza kwake pia kulinifurahisha, maana kulinikumbusha nyumbani. Mashine mpya haiingii klasta moja kwa moja. Inaamka, inajieleza kwa mwenyeji: mimi fulani, nina kumbukumbu kiasi hiki, diski hii, nimetokea anwani ile. Kisha inasubiri. Mtu lazima aikubali ndipo igawiwe klasta. Ni sawa na mgeni anayeshuka Ikola na kupelekwa kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akakalishwa kwenye benchi na mfuko wake, mpaka ithibitike amekuja kwa nani.

Kikwazo cha pili kilikuwa cha lugha. Vichakataji vya kawaida huandika namba kubwa kwa kuanza na kipande kidogo. Meinfremu huanza na kikubwa. Nilipokuwa najifunza Kijerumani nililia na namba, kwa sababu 21 kwao husomwa moja-na-ishirini, wakati sisi tunasema ishirini na moja kama watu wanaokwenda mbele. Basi seva za kawaida zinahesabu Kijerumani, na meinfremu, iliyolelewa kwa sehemu Böblingen kwenyewe, inahesabu Kiswahili. Tena hata amri zao ni tofauti: kontena lililojengwa kwa ajili ya moja halitembei kwenye nyingine kabisa. Linakufa mlangoni na kuacha sentensi moja fupi ya kulalamika. Kwa kuwa mwenyeji wetu alikuwa upande mmoja na wapiga makasia upande mwingine, kila kontena lilipaswa kujengwa mara mbili. Tuligundua mengi ambayo hayakujengwa hivyo, yakiwamo mawili ambayo aliyeyaandika alikwisha kuhama kazi.

Sasa nifike kwenye kamba.

Usukani ukikaa kwingine, unaongeaje na wapiga makasia? Jibu la haraka ni kwamba usukani utawapigia. Lakini wapiga makasia wetu walikaa nyuma ya ukuta ambao haumruhusu mtu wa nje kuanzisha mazungumzo na wa ndani, na watu wa usalama walikuwa na haki. Kumbe waliobuni mfumo walikwisha kuliona hilo. Ndani ya kila klasta ngeni hukaa wakala mdogo, Konnectivity, ambaye kazi yake ni kutoka, kwenda hadi kwenye usukani, kubisha hodi, na kuiacha njia wazi. Usukani ukitaka kusoma kumbukumbu za matukio ya kontena au kutuma amri ndani, unapitia njia ile ile ambayo mpiga kasia ameileta. Haufungui njia yake.

Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini. Niliuona mtumbwi wa mjomba. Meli haiji ufukweni. Mtumbwi ndio unaoifuata, unashika kamba, na kila kinachotoka melini kinapitia mtumbwi uliojileta wenyewe. Meli yenye kina ikijaribu kufuata kila kijiji cha ziwa hili, Sibwesa, Ikola, Karema, Kipili, itakwama mchangani. Nilimchorea mjomba mchoro mchangani kwa kijiti. Alitazama, akauliza swali ambalo hakuna mkuu wangu yeyote aliyeuliza tulipoandika mpango.

"Kamba ni ngapi?"

Nilinyamaza, kwa sababu jibu lilikwishanipata usiku mmoja wa Ijumaa.

Tulikuwa na sukani 7 ndani ya klasta mwenyeji moja. Saba! Tulijivunia. Kwenye karatasi kila moja ilikuwa na chumba chake, daftari lake, nakala zake 3, funguo zake. Hakuna aliyeweza kumwona jirani. Tulichosahau kukiuliza ni kwamba madaftari yote hayo, nakala 21, yalikuwa yanaandikwa kwenye hifadhi moja ya diski. Na etcd ina tabia ya karani mwaminifu mno: haisemi "nimeandika" mpaka wino umekauka diskini. Diski ikichelewa kwa milisekunde chache, daftari linaanza kusitasita. Ikichelewa zaidi, nakala zinadhani kiongozi wao amekufa na kuchagua mwingine, naye akichelewa wanachagua tena, mpaka inakuwa kazi ni uchaguzi tu.

Ijumaa ile idara nyingine ilianzisha kazi kubwa ya kunakili data kwenye hifadhi ile ile. Hawakukosea, hakuna aliyewaambia. Saa tatu usiku simu yangu ikalia, na kabla sijaijibu ikalia ya pili. Sukani zote 7 zilikuwa zimenyamaza. Ukibisha mlango wa klasta yoyote, kimya.

Kijana wa zamu, fundi mzuri na mwenye bidii, alifanya ambalo ningelifanya mwenyewe katika umri wake: alitaka kuzima na kuwasha wapiga makasia. Vidole vilikuwa tayari kwenye vitufe. Yule mama wa kadi, ambaye alikuwa ameunganishwa kwenye simu kutoka nyumbani kwake na nilisikia vyombo vikigongana jikoni, akamuuliza kitu kimoja tu: programu za wateja zinafanya kazi?

Tukaangalia. Zilikuwa zinafanya kazi. Zote. Malipo yalikuwa yanapita, maswali yanajibiwa, wateja hawakuwa na habari. Usukani ukinyamaza, mpiga kasia haachi kupiga. Anaendelea na alichoambiwa mara ya mwisho. Asichoweza ni kupokea jipya. Na akizimwa wakati huo, akiamka hakumbuki alikuwa amebeba nini, kwa sababu orodha imeandikwa kwenye daftari ambalo halijibu. Kijana yule angezima mashine ile moja, angepoteza mzigo wake. Angezima zote, tungekuwa tumezamisha kwa mikono yetu meli ambayo ilikuwa inaelea.

Tulikaa bila kugusa kitu kwa dakika 50. Sijawahi kuchoka hivyo kwa kutofanya kazi. Kunakili kulipositishwa, madaftari yalitulia, sukani zikarudi moja baada ya nyingine. Wiki iliyofuata kila daftari lilipewa diski ya haraka isiyotumiwa na mwingine, sukani ziligawanywa kwa wenyeji wawili, na akiba tuliyokuwa tumemtangazia mkuu wetu ikapungua. Hakufurahi. Siku hizi nikisikia muuzaji anasifia idadi ya sukani anazoweza kubana kwenye klasta moja, huwa nasubiri amalize kisha namuuliza kuhusu diski.

Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye reli ya Mpanda, lile tawi linalotoka Kaliua ambalo Waingereza walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Enzi zake reli hiyo, na Liemba pia, vilikuwa chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na makao makuu yalikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Babu alipenda kusimulia kwamba watu wa mbali hudhani treni zilisimama siku ile. Wapi! Dereva anaijua njia yake, mshika bendera anajua saa yake, msafiri ana tiketi. Treni zilikwenda. Ila kila kilichohitaji mtu wa kuamua kilikuwa kimezoea kuandikiwa Nairobi: kipuri kinachokosekana, uhamisho, cheo, faili la mtu anayekaribia kustaafu. Kwa muda, kila kitu kiliendelea ilimradi kisiharibike wala kisibadilike. Babu hakuwa anazungumzia kompyuta, bila shaka, na mimi nikimsikiliza utotoni nilikuwa nasubiri sehemu ya simba. Lakini usiku ule wa Ijumaa, nikitazama kioo chenye klasta 7 zinazofanya kazi bila kuongozwa, ni yeye niliyemsikia.

Sikumweleza mjomba haya yote. Nilimwambia kamba ilikuwa moja, sasa ni mbili. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya samaki iliyo chini kidogo ya alivyotegemea.

"Na meli ikizama?"

Hilo ziwa hili linalijibu lenyewe. Mwaka 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Lakini mafundi wake, kabla ya kuifungulia maji, waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mashine zinazofaa, na Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la maji haya. Iliibuliwa miaka 8 baada ya kuzamishwa.

Sisi nasi tulikuwa na grisi yetu: kila usiku nakala ya kila daftari ilichukuliwa na kupelekwa jengo jingine. Miezi 14 tulifanya hivyo na kila asubuhi ripoti ilikuja ya kijani. Baada ya ile Ijumaa nilipendekeza tuibue meli moja, kwa majaribio, tuone. Tukaichukua nakala ya klasta ya mazoezi na kuirudisha kwa mwenyeji mpya. Daftari likafunguka vizuri, kila ukurasa upo. Lakini wapiga makasia hawakurudi, kwa sababu jina la mlango waliokuwa wakiubisha lilikuwa limeandikwa kwa anwani ya mwenyeji wa zamani, nao waliendelea kubisha huko huko, kwenye nyumba iliyohamwa. Tulikuwa tumeweka anwani ya nyumba mahali pa jina la mtu. Ilituchukua wiki mbili kurekebisha kwa klasta zote, kila moja ikisubiri idara yake ikubali, na idara ya hesabu ilikubali ya mwisho, kwa barua.

Jua lilikuwa limeanza kushukia upande wa Kongo. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inafungwa miwili miwili, vijana wakijaribu taa zao, ambazo sasa ni za sola na hazinuki mafuta ya taa. Nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kumuuliza.

"Mjomba, ule mwaka meli ilipopelekwa matengenezo, ikakaa miezi bila kuja, mlifanyaje?"

Alinitazama kana kwamba Ulaya imenipunguzia kitu.

"Tulivua," akasema.

Akanirushia ncha ya wavu nimshikie, maana kulikuwa na matundu mawili bado, na usiku ule mwezi ungechelewa kutoka.